Kipimo Kisichomsahau Maskini



Mwaka 1990 Shirika la Mpango wa Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilianza kupima maendeleo ya nchi si kwa pato pekee, bali pia kwa urefu wa maisha na elimu. Kanisa lilikwisha kufundisha hivyo: mwaka 1967, katika waraka Populorum Progressio, Papa Paulo VI alieleza kwamba maendeleo ya kweli humhusu kila mtu, tena mtu kamili.

Hata hivyo, kuna hatari katika wastani. Mmoja akila mikate miwili na mwenzake akilala njaa, wastani husema kila mmoja amekula mkate mmoja. Ndivyo hesabu ya Kenya nzima inavyoweza kuificha Turkana nyuma ya Nairobi. Na katika Nairobi yenyewe, hesabu ya jiji huificha Mathare nyuma ya Muthaiga, ingawa mitaa hiyo ni majirani. Lazaro naye hakuwa nchi ya mbali. Alilala mlangoni pa tajiri (Lk 16:19-31).

Tofauti hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri, kwa kuwa huko ndiko zingezaa zaidi. Sehemu kame zikaachwa nyuma. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 204, ilianzisha Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa itumike kupeleka maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizotengwa.

Lakini hata wastani wa kaunti waweza kukificha kijiji. Kwa hiyo nawasihi, katika jumuiya zenu ndogo ndogo, pimeni wenyewe. Mama hutembea saa ngapi kufuata maji? Zahanati iko umbali gani, na je, ina dawa? Mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Yaandikeni, kisha myapeleke katika vikao vya wananchi vya bajeti ya kaunti, maana kushirikishwa ni haki yenu kikatiba.

Kitabu cha Mithali kinalaani mizani ya hila. Kipimo kinachomsahau mnyonge ni mizani ya namna hiyo.

Mungu awabariki.