TELA LA MASHUA NA LA CHUMVI

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la mpakani, Busia)



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya tela jipya kabla fedha za kikundi hazijatoka benki. Twajua wako wasemao kwamba tela ni magurudumu mawili na ndoana, basi la kuzungumza ni lipi? Lakini fedha hizi zimechangwa na watu wabebao magunia mgongoni, na lile tela la kwanza tulilinunua bila mazungumzo yo yote.

Mwalikumbuka. Lilikuwa limepakwa rangi ya buluu, likang'aa, na bei yake ilikuwa nafuu. Mwuzaji alituambia kuwa ni tela la mashua lililofanya kazi pwani, nasi tukaona hiyo ni sifa. Hatukumwuliza lilitumbukizwa baharini mara ngapi. Mwaka wa tatu, njiani kwenda Sio Port, mahali springi iliposhikwa na chesi pakakatika, mashua ikalala ubavu, na mpakizi mwenzetu aliyekuwa akitembea kando ameshika kamba akavunjika mguu. Fundi alipoikata chesi kwa msumeno tulikuta nje tabaka tatu za rangi, na ndani unga mwekundu. Ndugu yetu sasa anatembea, ila gunia hawezi kuliinua tena.

Mtatuuliza: ziwa letu ni maji matamu, sasa chumvi iliyokula tela ilitoka wapi? Baadhi yake ilikuja na tela lenyewe kutoka pwani, maana maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, na maji yakikauka ndani ya chuma, chumvi hubaki. Lakini nyingine tuliitia sisi wenyewe. Tazameni kazi yetu. Twachukua mashua kwa fundi na kuzishusha Sio Port na Port Victoria. Safari isiyo na mashua twapeleka magunia ya chumvi kwa watiao samaki chumvi, na kurudi twapakia samaki hao, nao hudondosha maji njia nzima. Chumvi yenyewe hutoka Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, ambako maji ya bahari hutiwa katika mabwawa yakakaushwa na jua. Husafiri zaidi ya kilomita 900 ikatufikia mpakani. Kwa hiyo bahari hutujia kwa magunia.

Na chumvi ikiwa kavu haina ubaya mwingi. Ubaya huanza inapokunywa unyevu wa hewa na kugeuka maji, na huku kwetu karibu na ziwa unyevu hauna haja ya kutafutwa. Madereva wa malori wanalijua jambo hili. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, foleni ya Malaba ilipofika makumi ya kilomita, mwenye shehena ya chumvi alilala na shehena yake siku kwa siku, umande ukishuka juu na maji ya chumvi yakitiririka chini ya kitanda cha lori hata kwenye breki.

Sasa twende kwenye kuchagua.

Jambo kubwa ni chesi. Chuma cha kupaka rangi kitafaa kwa mahindi na kwa matofali. Kwa chumvi hakifai, kwa sababu jiwe moja la barabarani likichubua rangi kutu huingia na kutambaa chini yake usiione. Chuma kinachofaa ni kile kilichochovywa kizima katika zinki iliyoyeyushwa, baada ya kuchomelewa na kutobolewa. Mnaijua zinki: ndiyo iliyo juu ya mabati ya nyumba zetu. Chuma kikichubuka kidogo, zinki iliyo jirani huliwa kwanza badala yake. Lakini jihadharini na rangi ya fedha inayopakwa kwa brashi na kusifiwa kuwa ni zinki! Ingieni chini, mulikeni ndani ya matundu ya nati na ndani ya mabomba. Likiwa limechovywa kweli, ndani mtaona kijivu kile kile cha nje. Likiwa limepakwa, ndani mtaona chuma kitupu.

Bomba la pembe nne ni imara, lakini maji yakiingia lazima yapate pa kutokea. Basi kila bomba liwe na tundu kila mwisho. Chesi ya mfereji ulio wazi huoshwa kwa urahisi zaidi, nasi ndiyo tunayoipenda.

Wako watakaowatajia alumini. Ni kweli haishiki kutu nyekundu na ni nyepesi. Lakini alumini ikigusana na nati za chuma penye maji ya chumvi, huanza kuliwa pale pale zinapogusana, na mafundi wa kuichomelea vizuri ni wachache. Tuiache.

Hapa tuna neno kwa ndugu zetu mafundi wa kuchomelea. Chuma chenye zinki kikichomelewa hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hushikwa jioni na homa, baridi na kiu, akadhani ni malaria, akameza dawa za malaria. Ondoeni zinki kwanza kwa jiwe la kusagia mahali mnapotaka kuchomelea, fanyeni kazi hiyo nje, upepo uwe mgongoni au ubavuni mwenu, wala msiinamie moshi. Na mwanachama asimlazimishe fundi kuharakisha. Ndiyo sababu nyingine ya kununua tela ambalo halitahitaji kuongezwa vyuma kesho yake.

Springi ziko za namna mbili. Ziko za majani, nazo chumvi hukaa kati ya jani na jani. Na kuna ekseli ambayo mpira umo ndani yake, haina majani. Hii ya pili ni nzuri machoni, lakini kutu ikiingia ndani hakuna la kufanya ila kutupa ekseli nzima na kungoja nyingine kutoka Nairobi au Mombasa. Springi ya majani hata fundi wa kando ya barabara hapa Busia huibadilisha kwa siku moja. Twashauri ya majani, yenye zinki, na nati zake za akiba zikae ndani ya gari.

Beringi zimetutia hasara kuliko kitu kingine, kwa ujinga wetu. Gari likitoka mbali, kikombe cha gurudumu huwa cha moto. Ukilirudisha tela majini papo hapo, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, nayo huvuta maji kupita kwenye mpira. Maji hukaa humo mpaka beringi inasagika. Basi mkifika ufukweni, ngojeni. Wekeni mkono juu ya kikombe. Kikiwa baridi, ingieni. Wenye matela ya mashua huko pwani hutia vifuniko vyenye springi vinavyoisukuma grisi kutoka nje muda wote, nasi tudai vifuniko hivyo. Heri zaidi gurudumu lisizame kabisa: tela lenye mkono mrefu na magurudumu madogo ya mpira ya kuviringishia mashua huiwezesha kushuka kwa kamba.

Breki za ngoma hushika maji ya chumvi kama chungu. Za sahani ni rahisi kuosha. Taa ziwe zimezibwa zisiingie maji, na waya wa kurudisha umeme uwe waya kweli, usitegemee chesi. Plagi ing'olewe kabla ya kuingia majini. Matairi mwayajua kuliko sisi.

Uzito lazima tuuseme, maana ulichangia kuvunja tela lile. Kibao kilisema kilo 1,000. Sisi tukapakia magunia 20 ya kilo 50, tukasema hesabu imetimia. Kumbe kilo 1,000 ni pamoja na tela lenyewe! Tela likiwa na kilo 250, zimebaki 750, yaani magunia 15. Kwa mashua hesabuni na injini, petroli, nyavu mbichi, na maji yaliyonywewa na mbao. Tena injini iko nyuma. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, tela hupiga mkia barabarani na kulivuta gari. Katika kilo 1,000, kilo 100 hivi zilalie ndoana.

Ndugu, tumebakiza jambo ambalo Kamati haikutuomba tuliseme. Wenzetu wa Kilifi na Malindi wakitoa tela baharini huhangaika kutafuta maji matamu ya kulisuuza. Sisi tulisimama ndani ya maji matamu kila safari, ndoo mkononi, na tela letu likaoza. Kwa nini? Kwa sababu dereva alilipwa kwa safari na mpakizi kwa gunia. Nusu saa ya kuosha haikuwa na mwenyewe. Tulipowauliza wapakizi, mmoja alijibu kwamba yeye huosha mgongo wake kwanza, nasi hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo twapendekeza nusu saa hiyo iandikwe katika malipo ya kila safari ya chumvi au samaki, kwa watu wawili, na jina la walioosha litiwe katika daftari. Kuoshea kuwe mbali na mahali wanapoteka maji ya kunywa, kwa sababu ya grisi. Anayeona gharama hii ni kubwa alete hesabu yake mkutanoni, nasi tutaleta ya hospitali.

Matela tuliyoletewa ni mawili. La kwanza ni jipya, limepakwa rangi, la kilo 1,500, na bei yake ni ya chini. La pili limechovywa katika zinki, ni la kilo 1,000 tu, na ni ghali zaidi. Sisi twalitaka la pili, ingawa litatuongezea safari. Yote mawili yako Malaba. Jumamosi asubuhi twendeni kuyatazama kabla ya kura. Kila mtu aje na nguo za kulala chini. Tochi itashikwa na yule ndugu aliyevunjika mguu. Tumemwomba, naye amekubali.