Damu ya Machinjio na Mashudu ya Ufuta: Mabaki ya Mifugo kama Protini Mbadala katika Chakula cha Samaki wa Kufugwa

Mada kwa semina ya wafugaji wa samaki, maafisa ugani na wakaguzi wa nyama, Juba, Sudan Kusini



1. Utangulizi

Mfugaji wa samaki akikaa chini kupiga hesabu zake mwisho wa msimu, hukuta kwamba chakula kimemeza zaidi ya nusu ya gharama zote, mara nyingi hata asilimia 60 au 70. Na ndani ya chakula hicho, kinachopandisha bei ni protini. Pumba na mtama vinapatikana. Protini ndiyo inayotutoa jasho.

Kwa Juba jambo hili lina uzito wa pekee. Chakula kilichotengenezwa viwandani huja kwa lori kutoka Uganda kupitia Nimule, barabara ya karibu kilomita 192 kutoka mpakani hadi hapa, kikiwa kimebeba nauli, ushuru na mashaka ya sarafu yetu. Anayeamua kutengeneza chakula mwenyewe hukimbilia dagaa, ambao nao ni kitoweo cha binadamu. Kila gunia la dagaa linaloingia kwenye kinu cha chakula cha mifugo limeondoka kwenye sufuria ya familia fulani kando ya Ziwa Victoria au hapa hapa kwenye soko la Konyo-Konyo. Kufuga samaki ili watu wapate lishe, kisha kuwalisha samaki hao lishe ya watu, ni hesabu isiyotimia.

Wakati huo huo, nchi hii ni nchi ya mifugo. Makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, yamekuwa yakitaja zaidi ya ng'ombe milioni 11, mbali na mbuzi na kondoo. Ng'ombe wanaingia Juba kila siku kuchinjwa. Nyama inauzwa, ngozi inaondoka, na damu inamwagwa.

Hoja yangu ni hii: protini tunayoitafuta mbali inapotea machinjioni, na tunaweza kuitumia kwa usalama na kwa faida iwapo tutaiunganisha na mashudu ya ufuta na karanga, na iwapo mkaguzi wa nyama atakuwa mtu wa kwanza katika mnyororo huu.

2. Somo kutoka kwa majirani

Mwaka 2009 serikali ya Kenya, kupitia mpango wake wa kuchochea uchumi, ilichimba mabwawa ya samaki kwa maelfu katika majimbo mengi ya uchaguzi. Nia ilikuwa njema na uzalishaji ulipanda haraka. Baada ya miaka michache mabwawa mengi yalikauka au kuachwa, na miongoni mwa sababu kubwa ni kwamba mfugaji alipewa bwawa na vifaranga, lakini chakula bora cha bei nafuu hakikumfikia kwa muda mrefu. Sisi tunaoanza sasa tuna nafasi ya kuanza na chakula kabla ya koleo.

Somo la pili linatoka chini ya mto wetu wenyewe. Misri, inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa samaki, inafuga sato yule yule wa Nile. Mwaka 1998 mtafiti Abdel-Fattah El-Sayed wa Chuo Kikuu cha Alexandria alichapisha matokeo ya majaribio ya kuondoa unga wote wa samaki kwenye chakula cha sato na kuweka protini nyingine za wanyama mahali pake. Unga wa mabaki ya kuku na unga wa nyama na mifupa ulikuza samaki vizuri, karibu sawa na unga wa samaki. Unga wa damu ulipobebeshwa kazi yote peke yake, ukuaji ulishuka.

Kuna wanaosoma matokeo hayo na kusema damu haifai. Mimi nayasoma hivi: damu haifai kuwa peke yake. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mada hii.

3. Kwa nini damu na ufuta vinafaana

Samaki hahitaji protini kwa jumla tu; anahitaji vipande vinavyoijenga, yaani asidi amino, kila kimoja kwa kiasi chake. Kimoja kikipungua, vingine vinakosa kazi, na protini iliyonunuliwa kwa fedha inaishia majini kama uchafu.

Unga wa damu uliokaushwa vizuri una protini asilimia 80 au zaidi, juu ya unga wa samaki ambao huwa kati ya 60 na 70. Una utajiri wa laisini, takriban asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake. Lakini ni maskini wa methionini, na maskini zaidi wa isolusini.

Sasa tazama mashudu. Mashudu ya karanga yana protini nyingi, karibu asilimia 45, lakini laisini yake ni ndogo. Mashudu ya ufuta nayo yana upungufu wa laisini, lakini yana methionini nyingi kuliko mashudu mengi. Anachokosa mmoja, mwenzake anacho. Kiasi kidogo cha dagaa kikiongezwa, pengo la isolusini linapungua nalo.

Ufuta na karanga ni mazao ya nchi hii. Damu ni ya nchi hii. Ndiyo maana naamini Juba inaweza kuwa na fomula yake, isiyonakiliwa kutoka nchi yenye viwanda vya kuku au bahari ya samaki wadogo.

4. Kiasi kinachopatikana

Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hutoa damu inayokusanyika ya karibu lita 8. Sehemu kubwa ya damu ni maji. Kinachobaki baada ya kukausha ni chini kidogo ya moja ya tano. Kwa hiyo ng'ombe mmoja hutupatia takriban kilo moja na nusu ya unga.

Tuchukue mfano wa ng'ombe 100. Hao wanatoa kama kilo 150 za unga wa damu. Tukiutumia kwa asilimia 10 ya mchanganyiko, tunapata tani moja na nusu ya chakula. Kwa sato anayehitaji kilo 1.8 za chakula kuongeza kilo moja ya uzito, hiyo ni zaidi ya kilo 800 za samaki. Damu hiyo hiyo ikiachwa mtaroni huoza, hualika nzi na mbwa, na ikifika majini hunyonya hewa ambayo samaki wa mtoni wanaitegemea.

5. Namna ya kuandaa

Kazi huanza kwenye shingo ya mnyama. Damu ikingwe kwa ndoo safi mara tu inapotoka. Damu iliyokwisha kugusa sakafu, samadi au maji ya kuoshea isichukuliwe. Kwa joto la Juba damu haisubiri: ipikwe asubuhi hiyo hiyo.

Ipikwe kwenye pipa lililokatwa, juu ya moto wa wastani, ikikorogwa kwa mti mrefu bila kuacha. Mwanzoni ni nyekundu na nyepesi. Kisha kingo zinashika, rangi inageuka ya kahawia iliyokolea, na pipa zima linakuwa mabonge yanayoachana na maji. Anayeacha kukoroga hapo atajua kwa pua: chini imeungua. Damu iliyoungua si hasara ya harufu tu, kwa kuwa moto mkali huharibu laisini, na laisini ndiyo iliyotuleta kwenye damu. Ikisha kuchemka, iendelee kuchemka kwa muda usiopungua dakika 45.

Baada ya hapo mabonge yakamuliwe kwenye gunia, yavunjwevunjwe na kuanikwa kwenye kichanja, mbali na ardhi, chini ya wavu wa kuzuia nzi na ndege. Yakikauka sawasawa, bonge husagika kati ya vidole na kuwa chenga zisizoshikamana. Likiwa bado linanata, ukungu utalipata ghalani. Msimu wa mvua kuanika hakutoshi. Itabidi kukausha kwa moto mdogo juu ya bati au kupunguza kiasi kinachopikwa.

6. Mchanganyiko wa kuanzia

Kwa kilo 100 za chakula cha sato wanaokua, napendekeza:

- unga wa damu, kilo 10
- mashudu ya karanga, kilo 25
- mashudu ya ufuta, kilo 15
- dagaa waliosagwa, kilo 5
- pumba za mahindi au ngano, kilo 25
- unga wa mtama, kilo 18
- unga wa mifupa iliyochomwa, kilo 1
- chumvi, nusu kilo
- vitamini na madini, nusu kilo

Mchanganyiko huu hutoa protini ya takriban asilimia 32, inayomtosha sato aliyekwisha kutoka kwenye hatua ya kifaranga. Vifaranga wadogo wanahitaji zaidi, asilimia 35 hadi 45, na kwao bado nashauri dagaa wengi. Kambale naye anataka protini juu kidogo kuliko sato wa rika lake.

Unga wa mtama upikwe uji mzito kwanza ili ushikishe, kisha kila kitu kipitishwe kwenye mashine ya kusagia nyama na tembe zikaushwe. Dondosha tembe moja kwenye glasi ya maji. Ikikaa dakika 10 bila kumeguka, inafaa. Ikisambaratika mapema, ongeza uji; vinginevyo unarutubisha bwawa badala ya kulisha samaki.

Karanga zina hatari yake, nayo ni sumukuvu. Mashudu yenye ukungu au harufu ya uvundo yasiingie kwenye mchanganyiko hata kama yametolewa bure.

7. Mipaka isiyovukwa

Uingereza iligundua ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe mwaka 1986. Chanzo cha kuenea kwake kilikuwa unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe kulishwa ng'ombe. Mwaka 1988 ilipiga marufuku kulisha wanyama wanaocheua protini ya wanyama wanaocheua, na mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa karibu mifugo yote. Ilichukua hadi Juni 2013 kwa Ulaya kuruhusu tena protini iliyosindikwa ya nguruwe na kuku katika chakula cha samaki. Historia hiyo inatuachia kanuni rahisi: unga wa ng'ombe usirudi kwa ng'ombe, mbuzi wala kondoo kwa njia yoyote. Magunia yawekewe alama na yahifadhiwe ghala tofauti na chakula cha mifugo.

Hatari iliyo karibu nasi zaidi ni kimeta. Mbegu za vijidudu vya kimeta hustahimili kuchemshwa kwa kawaida, kwa hiyo pipa letu haliwezi kutulinda. Anayetulinda ni mkaguzi. Damu ichukuliwe tu kwa mnyama aliyeingia machinjioni akitembea kwa miguu yake, akakaguliwa kabla ya kuchinjwa na baada ya kuchinjwa. Damu ya kila mnyama ikae kwenye ndoo yake hadi mzoga upite ukaguzi. Mzoga ukikataliwa, na ndoo yake imekataliwa. Aliyekufa njiani ndani ya lori hana nafasi hapa, na hapasuliwi kamwe. Wanaoshika damu wavae glovu na mabuti, kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba na homa ya Bonde la Ufa huweza kumpata mtu kupitia damu.

Mpaka mwingine ni wa imani za wateja. Miongoni mwa wakazi wa Juba wamo Waislamu na Wakristo ambao damu kwao ni haramu kuliwa, na swali la samaki aliyelishwa damu ni swali halali. Fiqhi ya Kiislamu inamjua mnyama aliyekula najisi na desturi ya kumlisha chakula safi kwa muda kabla ya kuliwa. Nashauri tukae na viongozi wa dini mapema, tuseme wazi tunachowalisha samaki, na wiki mbili za mwisho kabla ya kuvua tutumie chakula kisicho na damu. Soko linalojengwa kwa kuficha huvunjika siku siri inapotoka.

8. Mabaki mengine kwa ufupi

Manyoya ya kuku yana protini nyingi, lakini ni ngumu kama ukucha na haimeng'enywi bila mvuke wenye shinikizo. Hatuna sababu ya kuanzia hapo. Kinyesi cha tumboni mwa ng'ombe kina protini ndogo na nyuzi nyingi, kinafaa zaidi kuwa mboji ya kurutubisha bwawa. Matumbo na vichwa vya samaki kutoka sokoni vikipikwa na kukaushwa vinaweza kupunguza dagaa, hasa kwa kambale. Funza wa nzi askari weusi, wanaozalishwa kibiashara Kenya, ni njia nzuri ya hatua ya pili.

9. Mapendekezo

1. Machinjio moja ichaguliwe kwa majaribio, na makubaliano yaandikwe kati ya uongozi wake, mkaguzi wa nyama na kikundi cha wafugaji.
2. Chuo Kikuu cha Juba kiombwe kupima protini, unyevu na vijidudu katika kila fungu la mwanzo la unga.
3. Mabwawa mawili ya ukubwa mmoja na vifaranga sawa yalinganishwe: moja kwa chakula kutoka nje, jingine kwa mchanganyiko huu. Samaki wapimwe uzito kila wiki mbili na gharama ziandikwe kwenye daftari moja.
4. Wachinjaji walipwe kwa kila lita ya damu safi. Bila malipo, ndoo itarudi sakafuni.

10. Hitimisho

Ndugu washiriki, jambo hili halidai kiwanda ili lianze. Linadai ndoo, pipa, wavu, na nidhamu ya mkaguzi asiyepindishwa kwa shilingi wala pauni. Tukipata chakula cha samaki kwa damu yetu na ufuta wetu, mama wa mtaa wa Munuki au Gudele atanunua sato kwa bei isiyotegemea lori lililokwama mpakani, na dagaa watabaki chakula cha watoto. Naiomba semina hii isitawanyike kabla ya kuteua watu watatu watakaokwenda machinjioni wiki ijayo kuanza mazungumzo.