Silinda Inayovuja: Kutengeneza au Kununua Nyingine?

Mada iliyotolewa kwa wamiliki na waendeshaji wa matrekta madogo, Gairo, Mkoa wa Morogoro



Wilaya hii ya Gairo, iliyotengwa kutoka Kilosa mwaka 2012, huishi kwa kilimo cha kutegemea mvua. Trekta likisimama wiki mbili wakati wa kulima, mwenye trekta hukosa fedha ya kukodisha, na mwenye shamba huenda akakosa msimu mzima. Kwa sababu hiyo tumechagua kuzungumzia jambo linaloonekana dogo: silinda ya haidroliki, ambayo mafundi wengi huiita jeki, inapoanza kuvuja mafuta.

Mwenye duka la vipuri atakushauri ununue mpya. Fundi atakushauri utengeneze. Kila mmoja anaweza kuwa mkweli, lakini kila mmoja ana maslahi yake. Mlaji anahitaji kipimo chake mwenyewe.

Kwanza, usalama

Mafuta ndani ya mfumo huu yanaweza kufikia msukumo wa kilo 150 au zaidi kwa kila sentimita moja ya mraba, ilhali tairi la gari dogo hubeba kama kilo 2 tu. Mafuta yanayochirizika kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi. Kwa hiyo usipapase uvujaji kwa mkono; pitisha kipande cha boksi gumu au ubao. Mtu aliyepenywa na mafuta apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo na hakiumi, kwani madhara hujitokeza baadaye na huweza kumgharimu kiungo.

Kabla ya kufungua chochote, teremsha mzigo hadi chini, zima injini, kisha sogeza wenzo mbele na nyuma ili msukumo uishe. Asiingie mtu chini ya tela lililoinuliwa bila kuwekewa nguzo imara.

Mafuta yanatoka wapi?

Futa silinda mpaka ikauke, inua na kushusha mara kadhaa bila mzigo, kisha tazama. Mafuta yakitoka kwenye mpira au kwenye maungio, tatizo si silinda. Kaza au badilisha kipande hicho. Yakitoka pale shafti inapoingilia, sili imechoka au shafti imeharibika. Yakitoka kwenye ufa wa chuma au penye uchomeleaji, silinda yenyewe ina hitilafu.

Ipo pia hali ambayo nje ni pakavu, lakini mzigo ulioinuliwa hushuka wenyewe polepole. Huenda sili ya pistoni inapitisha mafuta kwa ndani. Huenda pia ni vali ya kuongozea ndiyo mbovu. Dalili ni moja kwa magonjwa mawili. Usikubali kununua silinda kabla fundi hajaitenganisha na vali na kukuonyesha ipi yenye kosa.

Tusidharau tone. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Silinda inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza karibu lita moja na nusu katika saa nane za kazi. Mafuta hayo hununuliwa, na huishia kwenye udongo unaotulisha.

Wakati wa kutengeneza

Silinda ikishafunguliwa, uwepo. Futa shafti kwa kitambaa safi na upitishe ukucha juu ya mikwaruzo. Ukucha usipokwama, na shafti ikiwa imenyooka, na ndani ya bomba pakiwa laini, kubadilisha seti ya sili kwa kawaida kunatosha. Hii ndiyo njia nafuu kuliko zote.

Ukucha ukikwama, au kutu ikiwa imetoboa utando wa kromu, sili mpya itakatwa upya baada ya muda mfupi. Fundi anayebadilisha sili na kuiacha shafti hiyo amekuuzia wiki chache tu. Hapo hesabu gharama ya kukereza shafti mpya yenye kromu, nauli ya kwenda na kurudi mjini, na siku ambazo trekta litalala.

Sili ya zamani usiitupe. Ipeleke dukani pamoja na vipimo vya shafti na vya kipenyo cha ndani cha bomba. Mdomo wa sili huelekezwa upande wenye msukumo; ukigeuzwa, silinda itavuja siku hiyo hiyo. Tumia mafuta yaliyoelekezwa na mtengenezaji. Mafuta ya breki huvimbisha na kuharibu sili nyingi za mfumo huu, na oili chakavu ya injini hubeba uchafu unaokwaruza chuma. Vumbi nalo ni adui: egesha trekta huku shafti imeingia ndani kila inapowezekana.

Wakati wa kununua

Bomba likiwa limepasuka, limevimba au limechimbika kwa ndani, nunua nyingine. Fanya hivyo pia ikiwa gharama ya matengenezo, pamoja na nauli na siku zilizopotea, inakaribia bei ya mpya. Andika kipenyo cha ndani, unene wa shafti, urefu ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguka, ukubwa wa pini, aina ya nyuzi za maungio, kiwango cha msukumo, na kama husukuma upande mmoja au pande mbili.

Usishawishike kwamba kubwa ni bora. Silinda ya milimita 63 badala ya 50 hupata nguvu zaidi kwa karibu asilimia 60, lakini huhitaji mafuta zaidi kwa kiasi hicho hicho. Itainuka polepole, tangi linaweza kupungukiwa, na vishikizo vinaweza kupinda.

Tahadharini na silinda iliyotumika kisha ikapakwa rangi. Angalieni shafti, matundu ya pini na nyuzi. Rangi haifichi uchakavu wa mahali hapo.

Haki zenu

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, ikiwemo kuieleza iliyotumika kuwa ni mpya. Bango la “mali ikishauzwa hairudishwi” halikuondolei haki pale bidhaa inapokuwa na kasoro au isipolingana na maelezo uliyopewa. Lakini haki hiyo si ruhusa ya kurudisha kitu kizima kwa kuwa umebadili mawazo, au ulipima vibaya mwenyewe.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Daini risiti inayotaja kifaa na hali yake, kipya au kilichotumika. Kwa fundi, andikianeni kazi itakayofanywa, bei, siku ya kumaliza na muda wa dhamana. Rudishiwa vipuri vya zamani; ni mali yako, na ni ushahidi. Kabla ya kulipa salio, inua mzigo wa kawaida mbele ya fundi, zima injini, na mngoje pamoja dakika kumi.

Likitokea tatizo, mwone kwanza aliyekuuzia, ukiwa na risiti na picha. Asiposikia, mwandikie barua na ubaki na nakala. Akiendelea kukataa, mwone afisa biashara wa Halmashauri, au uwasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Usiifungue wala kuikereza silinda hiyo wakati shauri linaendelea, maana ushahidi wako umo ndani yake.

Kagueni silinda zenu sasa, kabla mawingu hayajakusanyika na mafundi hawajazidiwa na kazi.