Nyota Changa za Upanga wa Jabari

Wasikilizaji wetu wa Bagamoyo, Saadani, Pangani na po pote mlipo, leo twapenda kunena habari za kitu kidogo sana kionekanacho mbinguni, kidogo hata wengi wetu tumekipitisha machoni miaka yote bila kukiulizia habari zake. Nacho ni ile nyota ya katikati miongoni mwa nyota hafifu zilizo karibu na mshipi wa Jabari.

Jabari ni kundi la nyota ambalo Waarabu wa kale walilifananisha na mtu mkubwa mwenye nguvu, na jina hilo limekaa katika lugha yetu. Asiyelijua na asimame ufukoni Bagamoyo mwezi wa Desemba, baada ya sala ya isha, auelekeze uso baharini. Kilimia, ambacho hapana mkulima asiyekijua, kitakuwa kimekwisha kutangulia juu. Nyuma yake zitakuja nyota tatu zing'aazo sawasawa, zimejipanga mstari mmoja kama shanga katika uzi: huo ndio mshipi. Kwa mkono wa kulia wa mshipi zimo nyota nyingine chache, dhaifu kuliko zile, nazo ndizo upanga. Itazameni ile ya katikati ya upanga. Mwenye macho mazuri ataona kwamba haina ncha kali kama nyota nyingine. Imekaa kama taa iliyowashwa ndani ya ukungu.

Nyota hii ina uhusiano na pwani yetu ambao watu wa Ulaya hawana. Kila nyota hupita juu ya mstari wake wa dunia, wala haiuachi kwa usiku mmoja. Mstari wa nyota ya upanga ni digrii tano na theluthi na kidogo, kusini ya ikweta, na mji wa Pangani umejengwa karibu kabisa juu ya mstari huo. Mtu wa Pangani akitandika mkeka uani na kulala chali, itafika saa ambapo nyota hiyo itakuwa wima juu ya paji la uso wake, kana kwamba mwashi ameishusha kwa timazi. Aliye Bagamoyo ataiona imeelekea kaskazini kidogo, kadiri ya digrii moja, yaani mara mbili ya upana wa mwezi mpevu. Digrii moja hiyo ya mbinguni ni kilomita 111 katika nchi. Kwa elimu ya namna hii manahodha walijua wamefika wapi, maana kwetu huku ile nyota ya kaskazini isiyotembea haionekani, imefichwa na mgongo wa bahari.

Saa ya kuitazama juu ya utosi ni kama usiku wa manane katikati ya Desemba. Mwisho wa Januari ni kama saa tatu na dakika ishirini usiku. Na katikati ya Februari ni kama saa mbili na dakika ishirini, saa ambayo hata watoto wa shule hawajalala.

Sasa na tueleze ni kitu gani. Mwaka 1617 Galileo wa Italia alielekeza darubini yake hapo, akaona kwamba ile iliyodhaniwa kuwa nyota moja ni nyota tatu zilizokaribiana. Mwaka 1656 Huygens wa Uholanzi aliziona tatu hizo pamoja na wingu lizizungukalo, na mwaka 1673 ya nne ikatambulikana. Nne hizo zimekaa katika umbo la pembe nne zisizo sawa, kwa hiyo wataalamu huliita kundi hilo Trapezi, na kila nyota wameipa herufi: A, B, C na D. Darubini ndogo ya mguu mmoja yatosha kuzitenga. Ama lile wingu, watu walibishana sana. Wengine walisema ni nyota nyingi mno zisizohesabika, wengine wakasema ni moshi. Mwaka 1865 William Huggins wa Uingereza aliipitisha nuru yake katika kioo kiigawanyacho rangi, akaona kwamba ni hewa nyepesi ing'aayo. Na hewa hiyo, pamoja na vumbi lake, ndiyo mali ambayo nyota hutengenezwa nayo.

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba nyota zote zina umri mmoja, na kwamba mbingu ilikwisha kukamilika zamani, haina tena kuzaliwa wala kufa. Habari za Muumba zina wenyewe wa kuzisema. Sisi twasema yale tu yaliyopimwa. Nayo yaliyopimwa yaonyesha kwamba nyota za Trapezi ni changa mno. Jua letu lina miaka kama milioni 4,600. Nyota hizi zina kama milioni moja tu, au kupita kidogo. Huko Laetoli, kusini ya Olduvai, mwaka 1978 zilichimbuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Basi walioacha nyayo zile walipoinua macho usiku, nyota hizi hazikuwapo. Nchi yetu ina nyayo zenye umri kuliko nyota! Twaona neno hilo lastahili kurudiwa shuleni, maana husahauliwa upesi.

Nazo ni za moto mno. Mwendeeni mhunzi mkakitazame chuma chake: kikianza kupata moto ni chekundu, kikizidi ni cha manjano, na kikizidi tena huwa cheupe cha kuumiza macho. Nyota nazo ni vivyo hivyo, ila zenyewe hupita weupe zikaelekea rangi ya buluu. Jua letu, la manjano, lina digrii kama 5,500 usoni pake. Nyota C, iliyo kubwa katika zile nne, ina karibu digrii 39,000. Uzito wake ni kama wa majua thelathini na zaidi, na nuru yake, tukihesabu na ile isiyoonekana kwa macho, ni kadiri ya majua 200,000. Ni yeye hasa aliyewasha wingu lote lile. Angezimika, ukungu tuuonao katika upanga ungeingia giza.

Hapa mwanafunzi mwenye hesabu ataona jambo. Mafuta ni mara thelathini, lakini matumizi ni mara laki mbili. Yatadumu namna gani? Wavuvi waliovua dagaa kwa karabai wajua kwamba taa ile hung'aa hata samaki wakavutwa na nuru yake, lakini kabla ya alfajiri mafuta yamekwisha, hali kibatari kilichoachwa nyumbani chatoa nuru kidogo na kuna asubuhi kingali kinawaka. Jua letu ni kibatari. Lina miaka ya kuwaka kama milioni 10,000 kwa jumla, na nusu yake bado haijatumika. Nyota C haitafika miaka milioni kumi. Mwisho wake ni kupasuka, na siku hiyo nuru yake itakuwa nyingi kupita nyota zote za usiku.

Lakini habari iliyo nzito zaidi ni ya majirani zake. Ndani ya wingu lile mna nyota nyingine changa zaidi ya elfu mbili, nyingi zikiwa ndogo kama jua letu au ndogo kuliko hilo. Nyota ndogo izaliwapo huzungukwa na duara pana la vumbi na hewa, mfano wa ungo, na humo katika ungo ndimo sayari zifinyangwamo. Dunia yetu ilifinyangwa hivyo. Tangu mwaka 1992 darubini ya Hubble, ielekeayo mbinguni kutoka nje ya hewa ya dunia, imepiga picha za nyungo hizo katika wingu la Jabari, zaidi ya mia moja. Zile zilizo karibu na nyota C zaonekana zinachomwa. Mionzi yake, jamaa ya ile ya jua iunguzayo ngozi, huipasha moto hewa ya ungo hata ikapeperuka, nayo huacha mkia mrefu nyuma, na kila mkia waelekea upande wa pili, mbali na C, kama moshi uukimbiao upepo. Mkubwa mmoja awaka kwa fahari yake, na wadogo wanapokonywa udongo wa kujengea dunia zao. Je, sayari zitawahi kukamilika kabla ungo haujakauka? Neno hili wataalamu wangali wanabishana. Wengine huona kwamba mawe na vumbi zito hushikamana upesi, hata hewa ikipotea. Wengine huona kwamba walio karibu mno watabaki bila kitu.

Nasi tusidhani kwamba habari hiyo ni ya wageni. Katika vimondo, yaani mawe na vyuma vya mbinguni ambavyo kimoja kikubwa cha namna yake kiko Mbozi, zimepatikana alama za madini ya muda mfupi yaliyotoka katika nyota kubwa zilizokuwapo jua letu lilipozaliwa. Kwa hiyo wataalamu wengi huona kwamba jua letu nalo lilikulia katika mtaa wenye wakubwa wakali wa namna hii, likaokoka na ungo wake.

Zaidi ya hayo, hizo nne si nne. Nyota C ina mwenzake amzungukaye kwa muda wa miaka kama 11. A na B kila mmoja ni jamii ya nyota kadhaa zilizoshikana. Na jamaa kubwa namna hii zilizobanana mahali padogo hazikai salama. Hesabu zaonyesha kwamba huvutana na kusukumana, hata mmoja akatupwa nje ya kundi akaenda zake.

Nuru yake hutujia kwa safari ya miaka 1,300 na ushei, ingawa nuru huenda kilomita 300,000 kwa nukta moja. Magofu ya msikiti wa Kaole, jirani na Bagamoyo, ni ya karne ya 13. Nuru tuionayo usiku huu ilikuwa bado haijafika nusu ya safari yake, walipoanza kuchoma chokaa ya kuta zile.

Mwalimu aliye na darubini ndogo awape wanafunzi kazi hii. Nyota B, iliyo dhaifu katika nne, hupatwa kila baada ya siku sita na nusu hivi: mwenzake hupita mbele yake, na nuru hupungua karibu nusu kwa muda wa saa kadhaa. Nyota A nayo hupatwa kila baada ya siku 65 na kitu. Lakini ijapokuwa watu waliitazama kwa darubini zaidi ya miaka mia tatu, hapana aliyeling'amua jambo hilo mpaka miaka ya 1970. Daftari lianzwe Desemba, usiku usio na mwezi, na kila mara iandikwe saa na ni ipi iliyo hafifu. Kufika katikati ya Juni Jabari huzama pamoja na jua, wala haonekani tena mpaka mwezi wa Julai, atokapo baharini alfajiri.