Hazina ya Muziki Ilindwe Dhidi ya Makosa ya Nia Njema

Ndugu walimu na ndugu watumishi wa umma wa Uchindile,

Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na ngoma na nyimbo ambazo ukoloni ulizidharau zikapewa heshima yake. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilirekodi ngoma za vijijini pamoja na bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Kanda hizo zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, na katika miaka ya 2010 zilifanyika juhudi za kuzihamishia katika kompyuta.

Wako wanaodhani kwamba wimbo ukiisha kuingia katika kompyuta umesalimika. Dhana hiyo ni potofu. Kanda huharibiwa polepole na joto na kuvu. Faili la kompyuta halioti kuvu, lakini laweza kufutika au kugeuzwa kwa kubonyeza mara moja tu. Tena anayelifuta mara nyingi si adui, bali ni mtu mwenye bidii.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu aliyerekodi sangula, ngoma ijulikanayo Ulanga na Kilombero. Anataka kuisafisha sauti: anakata kikohozi cha mzee, anapunguza kelele, kisha anahifadhi kwa jina lile lile. Hapo rekodi ya awali imekwisha potea. Mwingine anaigeuza kuwa MP3 ili iingie katika simu, kisha anaifuta ile kubwa. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi.

Wala mambo haya si ya vijijini peke yake. Mwaka 2019 kampuni ya MySpace ya Marekani ilikiri kwamba muziki uliowekwa kwake kwa zaidi ya miaka 10 ulipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Nyimbo zilizopotea zilikadiriwa kuzidi milioni 50.

Waliotumia kaseti walikuwa na dawa. Nyuma ya kaseti palikuwa na vijino viwili vya plastiki. Vikivunjwa, redio haikuweza kurekodi juu ya wimbo uliomo. Busara hiyo yafaa irejeshwe.

Kwanza, rekodi ya asili ifungwe. Kompyuta ina uwezo wa kuagizwa kwamba faili lisomwe tu, lisibadilishwe. Mtu mmoja aliyeteuliwa ndiye awe na idhini ya kuliondolea agizo hilo.

Pili, kazi yote ya kukata, kusafisha na kugeuza ifanywe juu ya nakala, yenye jina lake tofauti.

Tatu, nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, inaiunganisha Uchindile na Ifakara. Diski moja ihifadhiwe huko. Ikumbukwe kwamba nakala inayojilinganisha yenyewe na ya kwanza hunakili hata makosa: wimbo ukifutwa huku, hufutwa na kule. Kwa hiyo nakala ya mbali isiunganishwe na kompyuta ila wakati wa kuikagua.

Nne, kila faili lipewe namba ya uhakiki. Kompyuta huikokotoa namba hiyo kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Kikibadilika kitu kidogo, namba hubadilika pia. Namba hizo ziandikwe na kulinganishwa kila muhula.

Tano, pawe na daftari la karatasi lenye jina la mwimbaji, kijiji, lugha na tarehe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kazi hii yahitaji diski, daftari na nidhamu, vitu ambavyo shule na ofisi ya kata zikishirikiana haziwezi kuvikosa. Waraka wa ofisi ukipotea huenda ukaandikwa upya. Mzee aliyeimba akiisha kuzikwa, hakuna atakayemwita aje arekodiwe mara ya pili. Kwa hiyo asiyefunga rekodi ya asili leo ajue kwamba anaiweka sauti ya mzee huyo chini ya kidole cha mtu wa kwanza atakayekosea.