Vijana wa Kampuni: Jueni Mnachouza Kabla ya Kupokea Fedha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na vijana mjini Morogoro.)



Nimepewa kazi ya kusema juu ya vijana wanaoanzisha kampuni za programu za simu. Mmoja ataka kumwunganisha mkulima wa Mgeta na mnunuzi wa Dar es Salaam. Wa pili atengeneza daftari la hesabu la wenye maduka. Wa tatu ataka bei ya mazao ijulikane kijijini kabla gari la mchuuzi halijafika. Wengi wamesoma hapa hapa, Sokoine au Mzumbe. Hayo ni mema, na yatupasa kuwapa moyo. Lakini ukimwuliza mmoja wao amefika wapi, hajibu amepata wateja wangapi. Hujibu, "Natafuta mwekezaji."

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Jambo hili si la vijana peke yao. Linamhusu mkulima atakayeiamini kampuni hiyo kwa nyanya zake, na mzazi atakayetoa akiba yake ili mwanawe aanze. Kampuni ikianguka, hao ndio wanaobaki na hasara bila wakili.

Neno langu ni moja. Fedha ya mwekezaji si zawadi, wala si mkopo. Ni bei. Yeye ananunua, nawe unauza. Basi ujue unauza nini.

Wazee wa Uluguru hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kwa desturi ya milima yetu, ardhi ni ya ukoo wa upande wa mama. Mgeni akiomba shamba hupewa. Hulima mahindi au maharage yake, naye hutoa ngoto kwa mkubwa wa ukoo, ndiyo alama ya kukiri kwamba shamba si lake. Lakini akitaka kupanda miti ya kudumu, hilo ni shauri jingine, na ukoo hauna budi kukubali kwanza. Kwa nini? Kwa sababu mahindi huvunwa yakaisha, bali mwenye mti hukaa miaka, na wajukuu wakija hawajui tena shamba ni la nani.

Ndugu zangu, mkopo ni mahindi. Ukilipa, umekwisha. Hisa ni mti wa kudumu. Ukimpa mtu hisa, amekwisha kupanda katika shamba lako, na huwezi kumng'oa kwa kuwa umechoka kumwona.

Sasa tufanye hesabu kama darasani. Tuseme vijana watatu wana kampuni yote, yaani hisa 100 katika 100. Anakuja mwekezaji wa kwanza, anachukua robo. Wamebaki na 75. Mwaka wa pili fedha zimekwisha, anakuja mwingine, naye anachukua robo ya kampuni nzima. Wamebaki na 56 na kitu. Anakuja wa tatu kwa masharti yale yale. Wamebaki na 42. Hakuna aliyewaibia. Kila mara walipiga makofi na kupiga picha. Lakini siku ya kupiga kura ndani ya kampuni waliyoianzisha wenyewe, wao ni wachache.

Tena kuna sharti ambalo wengi hulisaini bila kulisoma: kwamba kampuni ikiuzwa, mwekezaji achote fedha yake kwanza. Tuseme alitia shilingi milioni 50, na kampuni ikauzwa kwa milioni 60. Yeye achukua zake 50. Zilizobaki 10 ndizo za ninyi watatu mliokesha miaka mitano. Sharti hilo si haramu, na mtu mwenye fedha ana haki ya kulinda fedha yake. Lakini kijana aliyeona "milioni 60" akadhani ni tajiri, amedanganywa na ujinga wake wala si na mwekezaji.

Yafaa pia tumwelewe mwekezaji mwenyewe. Mara nyingi fedha anayoleta si yake. Amekusanya kwa watu wengine, nao wataka warudishiwe kwa faida, kwa kawaida katika miaka kama 10. Ajua kwamba katika kampuni 10 anazozitilia fedha, nyingi zitakufa, na moja au mbili zitalipa hasara yote. Ndiyo sababu anamhimiza kila mmoja akimbie. Yeye ana kampuni 10. Wewe unayo moja. Mbio zinazomfaa yeye huenda zikakuua wewe, bila ya yeye kukuchukia hata kidogo.

Nitoe mifano ya jirani zetu wa Nairobi, maana imeandikwa wazi. Kampuni ya Twiga Foods ilianza mwaka 2014 kwa kazi ya kueleweka kabisa: ndizi za mkulima zimfikie muuzaji wa mtaani kwa njia ya simu. Mwaka 2019 ilipata dola milioni 30, Goldman Sachs wakitangulia miongoni mwa wawekezaji. Mwaka 2021 ikapata dola milioni 50 nyingine. Mwaka 2023 ikawaachisha kazi watu zaidi ya 200, na mwaka 2024 mmoja wa waanzilishi wake, Peter Njonjo, akaondoka katika uongozi. Copia, iliyouza bidhaa vijijini kwa kupitia mawakala, ilipata dola milioni 50 mwaka 2022. Ilikwisha kuvuka mpaka kuingia Uganda. Mwaka 2023 ikafunga huko, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Kune, kampuni ya kupika na kupeleka chakula, ilipata dola milioni 1, nayo ikafunga mwezi Juni 2022, kwa sababu chakula cha dola 3 hakikuweza kulipa gharama za kukifikisha.

Siwataji kwa kuwacheka. Walithubutu, na wengi hatujathubutu. Nawataja ili tuone kwamba fedha nyingi haziponyi biashara isiyojilipa. Tuseme umenunua tenga la nyanya Mgeta kwa shilingi 20,000, gari 6,000, zilizopondeka njiani 3,000. Ukaliuza Morogoro kwa 27,000. Umepoteza 2,000. Ukiuza matenga 10, umepoteza 20,000. Mwekezaji akikupa fedha ukauza matenga 1,000, umepoteza milioni 2, na magazeti yataandika kwamba unakua! Kwanza tengeneza tenga moja lilete faida. Ukuaji ni baada ya hapo.

Milima yetu ina ushahidi wake pia. Mpango wa serikali ya kikoloni wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru ulianza mwaka 1950, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Mahali pengi kazi ile ilifukua udongo usio na rutuba. Mkulima alitazama shamba akaona mavuno hayapo. Ofisini walitazama matuta yaliyochimbwa. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, na damu ikamwagika. Mpango wo wote unaohesabu kazi iliyofanyika badala ya faida aliyopata mtu wa chini, mwisho wake ni ugomvi.

Sasa niseme juu ya bodi. Wengi wadhani bodi ni viti vya heshima, vya kupewa mjomba au mtu mwenye jina. Sivyo. Bodi ndiyo yenye uwezo wa kumwajiri mkuu wa kampuni na kumfukuza, hata kama ndiye aliyeianzisha. Basi kabla ya kusaini, uliza: viti ni vingapi, nani anamchagua nani, na kura zikilingana nani anaamua? Tafuta hata mtu mmoja asiye wako wala si wa mwekezaji, ajuaye hesabu, asiyeogopa kukwambia hapana. Na umpelekee habari mbaya mapema. Mkuu anayeificha bodi hasara ya Januari, mwezi Juni hapati wa kumtetea.

Tukumbuke yaliyopata vyama vya ushirika. Vilikua upesi sana baada ya uhuru, na mwaka 1966 kamati maalum ya Rais ilipovichunguza ilikuta wanachama wasiojua mambo ya chama chao, na upungufu wa watu wenye ujuzi wa kazi. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Kilichokosekana si moyo. Ni watu wa kuuliza maswali.

Basi mfanye nini? Kwanza, andikianeni ninyi kwa ninyi mapatano ya hisa kabla fedha haijaja, na kila mmoja azipate kidogo kidogo kwa miaka anayofanya kazi, ili anayeondoka mapema asiondoke na shamba. Pili, tafuteni mahindi kabla ya mti: fedha ya wateja, akiba, na mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo hutengwa asilimia 10 ya mapato ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Tatu, mkihitaji mwekezaji kweli, mchunguzeni kama anavyowachunguza. Waulizeni waliokwisha kupokea fedha yake, hasa wale walioshindwa. Nne, msisaini karatasi ya Kiingereza cha mawakili bila wakili wenu.

Mwekezaji mwema yupo, na kampuni nyingine haziwezi kusimama bila yeye. Akija, mpeni kiti na mwongee naye kwa adabu. Lakini mwonyesheni mpaka wa shamba kabla hajashika jembe.