Mkonge wa Makanya, Upepo wa Same



Atokaye Moshi kwenda Tanga hupita Same, mahali ambapo upepo huvuma chini ya Milima ya Upare. Mbele kidogo, Makanya, huona mashamba ya mkonge. Upepo na mkonge ni majirani wasiojuana.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zipatazo 230,000 za singa. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na vibarua wengi wakakosa kazi.

Leo wataalamu wanachunguza kama singa zaweza kutumika katika mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo. Mapanga hayo kwa kawaida hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Singa ni nyepesi kuliko kioo, lakini nguvu yake ni ndogo na hunywa maji. Kwa hiyo huoshwa kwa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, ili zishikane vizuri na gundi. Kisha hupangwa ndani, na kioo huwekwa nje kama koti la mvua.

Tusidanganyane: panga la mita 50 halitatoka Same kesho. Lakini panga dogo, la mtambo wa kuvuta maji kisimani, karakana zetu na vyuo vyetu vyaweza kulijaribu. Tukiendelea kuuza singa ghafi tu, kesho tutauziwa mkonge wetu wenyewe kwa bei ya kioo.